Pua ya Baba

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Usishtuke kuona barua, hakuna msiba. Ni simu tu imenishinda. Juzi tulipoongea uliniambia, "Toa kitu mdomoni ndiyo uongee," na mdomoni hakukuwa na kitu. Ni pua. Imeziba kiasi kwamba nikisema "mama" watu wanasikia "baba". Nikaona heri kalamu, yenyewe haina kamasi.

Unakijua kipandauso changu cha tangu ujana. Zamani kilikuwa mgeni, kinakuja na kuondoka. Mwaka huu kimehamia na vyombo vyake. Nikiinama kupiga randa, ni kama mtu kanimwagia kokoto nyuma ya macho. Nalala nimeketi, mito mitatu mgongoni, mdomo wazi. Mke wangu amehamia chumba cha pili. Anasema nakoroma kama msumeno uliokwama kwenye fundo la mti.

Nimepuliza dawa puani miezi mitano. Nimejisafisha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, nimemeza vidonge vya kila rangi. Napata nafuu wiki mbili, kisha yale yale. Wiki iliyopita daktari wa masikio, pua na koo alinipiga picha ya kichwa, akaibandika kwenye kioo chenye taa.

"Fundi," akasema, "hapa panatakiwa pawe peusi, maana ni hewa. Wewe unaona nini?"

Niliona kijivu kila mahali, kama chumba kilichojazwa pamba mpaka darini. Anasema ni vinyama laini vimeota ndani na kuziba njia. Anataka kuvitoa kwa upasuaji. Kamera nyembamba inapita tundu la pua, uso hauchanwi. Nikamuuliza, "Utatumia patasi au msumeno?" Akacheka: "Vyangu ni vidogo kuliko vyako vyote, fundi."

Nilicheka naye, lakini nilitoka pale haraka kuliko nilivyoingia. Unajua kwa nini. Baba aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake mwenyewe, kwa ajili ya pua kama hii, akatoka amefunikwa shuka. Nilikuwa na miaka saba, lakini nasikia mpaka leo Mama anavyosema, "Kisu kimemuua."

Daktari nimemwambia nitafikiri. Moyoni nimeshakataa. Ila nataka kusikia kwako.

Mama asijue.

Mdogo wako,
Kigingi


12 Februari

Kigingi,

Marahaba. Barua yako nimeisomea kazini, hapa masjala, mafaili yamenizunguka pande zote na wakili mmoja akigonga kaunta kwa funguo zake. Nilimwacha agonge.

Kataa.

Sitaki kuzunguka. Wewe ulikuwa na miaka saba, mimi nilikuwa na kumi na tatu. Nakumbuka zaidi yako. Nakumbuka jicho la Baba la kushoto lilivyovimba kama limeumwa na nyuki. Nakumbuka shati alilovaa siku ya kwenda, na kwamba shati hilo lilirudi ndani ya mfuko wa plastiki. Najua dawa za siku hizi si za wakati ule, na huyo daktari wako anaonekana ana akili na ucheshi. Lakini pua ni ile ile. Umeirithi kwa Baba mzima mzima, pamoja na ubishi. Kwa nini uipeleke kule kule?

Vumilia. Jifukize kwa maji ya moto. Punguza vumbi karakanani. Kuna watu wanaishi na pua iliyoziba mpaka wanazeeka.

Nyumbani Mama aliiona bahasha akauliza unaumwa nini. Nimemwambia unauliza bei ya mbao huku. Akaendelea kuchambua mchele. Sijui kama ameamini.

Ukifa na wewe, nitabaki na nani wa kugombana naye?

Dada yako


27 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Habari za huko, na Mama mkwe hajambo? Nakuandikia kwa siri. Ndugu yako ni mtu mwema kwa kila jambo, isipokuwa kusema ukweli kuhusu mwili wake mwenyewe.

Nimeiona barua yako. Si kwamba nilipekua. Anaitembeza mfukoni mwa shati kama cheti. Kila nikitaja hospitali anaitoa na kunisomea: "Dada amesema nikatae." Basi naomba na mimi nikusomee yangu.

Alikwambia kwamba hanusi kabisa? Nadhani hakukwambia. Ni mwaka wa pili sasa. Yule fundi aliyekuwa akivunja kipande cha mbao, akakinusa na kusema imekauka au bado, siku hizi anabahatisha. Mwezi wa kumi na moja mteja alirudisha kabati zima la nguo kwa sababu lilinuka ukungu. Nyumba nzima tuliusikia huo ukungu tangu siku ya kwanza. Tulidhani anajua.

Jumanne iliyopita nilitoka shuleni mapema, saa saba mchana, baada ya kusahihisha mitihani ya hesabu. Nilipofungua geti nikasikia harufu ya gesi. Getini, wifi! Niliacha viatu njiani. Yeye alikuwa jikoni, dirisha limefungwa, ameketi kwenye kigoda anataka kuchemsha maji ya kujifukiza, kama ulivyomshauri. Kiberiti kilikuwa mkononi, njiti ameshaitoa. Mpira wa mtungi ulikuwa umechomoka. Nilimpiga mkono, njiti ikaanguka. Akanikasirikia! Akaniuliza nina wazimu gani. Ilibidi nimburute mpaka uani ndipo aelewe, na alipoelewa aliketi chini kwenye mchanga mpaka jua lilipogeuka.

Kesho yake aliniomba nisimwambie mtu.

Baba mkwe sikumjua. Labda mna sababu zenu na siwezi kuzidharau. Lakini mimi naishi na huyu aliye hai. Ukimwambia akatae, wifi, niambie basi na mimi nifanye nini.

Wifi yako


10 Machi

Kigingi,

Najua habari ya kiberiti. Usimgombeze mkeo. Ukimgombeza nitapanda basi nije nikugombeze wewe.

Futa niliyokuandikia. Mimi ni karani, si daktari, na niliandika kwa woga. Woga wangu nimekutumia kwa posta, na wewe ukauweka mfukoni.

Kuna jingine. Baada ya barua ya wifi sikuweza kunyamaza. Nilimweleza Mama yote: picha, vinyama, upasuaji, gesi. Nilitegemea alie, au aseme, "Hapana, kisu tena hapana." Aliinuka akaenda chumbani kwake, na kwa siku mbili akawa anakula vijiko viwili vitatu tu. Siku ya tatu aliniomba karatasi na kalamu. Nikamwambia, Mama, sema nikuandikie. Akasema, "Hii siyo ya kuandikiwa."

Usiamue lolote mpaka upate barua yake. Sijui ameandika nini. Ninachojua ni kwamba anachana karatasi nyingi.

Dada


15 Machi

Mwanangu,

Hii ni karatasi ya sita. Darasa la nne ndilo mwisho wangu, unisamehe maandishi.

Baba yako hakuuawa na kisu. Kisu hakikumgusa.

Wiki ile alikuwa na homa, na jicho lilikuwa limefunga kwa uvimbe. Tulienda hospitali. Daktari alikuwa mtu mzima mwenye miwani, alisema polepole ili nielewe. Alisema usaha umetoka kwenye pua unaelekea kwenye jicho, na ukiachwa utapanda kwenye ubongo, kwa hiyo lazima afunguliwe leo leo. Nikatoka nje kupumua. Kulikuwa na mwanamke anauguza mgonjwa kitanda cha jirani. Akanivuta pembeni akaniambia, "Pua haikatwi. Wakikata, anatoka kipofu au hatoki." Simjui jina mpaka leo. Nilimwamini kuliko daktari kwa sababu alinishika bega.

Nikarudi nikasema hatutaki. Wakaleta karatasi imeandikwa kwamba nakataa matibabu kwa hiari yangu. Nikaweka sahihi. Nikamrudisha baba yako nyumbani. Wewe ulifurahi, ukamletea gari lako la vibao kitandani.

Siku ya nne alianza kusema maneno yasiyoeleweka. Aliniita kwa jina la mama yake. Tulimkimbiza, ninyi mkiwa shuleni. Alikata roho akiwa kwenye machela, ukumbini, kabla ya kufika mlango wa chumba cha upasuaji.

Niliporudi mlikuwa mmekaa kwenye ngazi. Dada yako akauliza, "Kimemuua nini?" Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Likatoka neno kisu. Nilijua ni uongo, nikasema nitawaambia mkikua. Mkakua. Nikasema nitawaambia mkioa na kuolewa. Kila mwaka uongo ulikuwa mzito zaidi kuutua.

Nilidhani uongo ule umelala. Kumbe ulikuwa unatembea, na umefika mpaka kwako.

Sikwambii ufanyiwe, wala sikwambii usifanyiwe. Mimi si mtu wa kukuambia tena hilo. Nataka tu ukiamua, uamue juu ya kitu cha kweli.

Mama yako


3 Aprili

Kigingi,

Wiki ya tatu hii. Mama anaketi sebuleni kwenye kiti kinachotazama barabara, na mtu wa posta akipita bila kusimama anasema, "Leo pia ana kazi nyingi." Anamaanisha wewe, si mtu wa posta.

Barua yake alinipa niisome kabla ya kuifunga. Niliisoma nimesimama. Mimi ndiye niliyeuliza swali lile kwenye ngazi, na nilikuwa nimelisahau kabisa. Nimekasirika, nimelia, kisha nimemkuta jikoni anahangaika kufungua chupa ya mafuta kwa vidole vyake vya baridi yabisi. Nikamfungulia.

Kasirika nawe kadiri unavyotaka. Lakini kasirika kwa maandishi, tuone.

Dada


9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa naandika maneno ambayo mtoto hamwandikii mama yake. Nimechana karatasi kuliko wewe.

Kwa miaka thelathini na nne nimewachukia watu wasio na kosa. Nikiona koti jeupe navuka barabara. Mke wangu alipojifungua binti yetu nilisimama nje ya geti la hospitali saa tisa nzima, mvua inanipiga, kwa sababu sikuweza kuingia. Watu walidhani ni mila, na wengine walidhani sina upendo. Mtoto wangu alibebwa na mlinzi wa zamu kabla sijambeba mimi. Hilo siwezi kulirudisha, Mama.

Hasira ninayo bado. Sikufichi. Uongo umetosha katika familia hii.

Lakini Jumapili nilikuwa napiga msasa meza, nikakokotoa. Wakati ule ulikuwa na miaka thelathini na mbili. Mimi leo nina arobaini na moja. Juzi tu nilikuwa jikoni kwangu na kiberiti mkononi, kwa kusikiliza ushauri wa aliyenipenda. Nani nimhukumu?

Nimerudi kwa daktari. Nimemweleza historia ya Baba yote, ile ya kweli. Aliandika, akaweka kalamu chini, akasema, "Pole sana, fundi." Kisha akanieleza kwamba yangu si dharura kama ile ya Baba. Naweza kusubiri, naweza hata kukataa na kuendelea na dawa, ila dawa peke yake imeshaonyesha uwezo wake. Nimechagua tarehe 28.

Sikuombi uje. Ila ukija, kitanda kipo.

Mwanao


20 Mei

Dada,

Shikamoo. Wewe umekuwa na mafaili yako ya mwisho wa mwezi, na mimi nilikatazwa kuinama hata kuandika, lakini sasa nimeruhusiwa. Simuni hutasikia yaliyotokea kama yalivyotokea, kwa hiyo kaa chini.

Mama alishuka kwenye basi na mkoba mmoja. Siku mbili za kwanza tuliongea habari za joto na bei ya vitunguu, kama wapangaji wawili. Mke wangu alikuwa anapita katikati yetu na sahani.

Tarehe 28 asubuhi nikalazwa. Muuguzi akanipa lile gauni linalofungwa mgongoni. Nililivaa, nikakaa kitandani, nikatazama mlango wa mbao mwisho wa ukumbi. Bawaba ya chini ilikuwa imelegea. Nikainuka nikaanza kutafuta viatu.

Mke wangu akatoka mbio kumwita daktari. Mama akabaki.

"Mama, siwezi," nikasema.

"Najua."

"Navaa viatu naondoka."

"Vaa. Lakini kuna kitu sikukiandika kwenye barua. Nikuambie huku unavaa."

Dada, sikiliza alichosema. Nakiandika kama kilivyotoka mdomoni mwake:

"Aliyeomba tuondoke ni baba yako. Nilipotoka kule nje na maneno ya yule mwanamke, nilimkuta amekaa hivi hivi, anatafuta viatu hivi hivi. Alinishika mkono. Ule mkono wake wa kubeba magunia ulining'ang'ania kama wa mtoto. Akasema, 'Nitoe hapa, mwenzangu, ninaogopa.' Nikasema sawa. Sikumwambia kwamba hata mimi naogopa, wala sikumwambia abaki. Tulikuwa waoga wawili, kila mmoja akijifanya anamtii mwenzake."

"Kwa nini hukuandika hilo?"

"Nilitaka mumkumbuke jasiri. Nilidhani aibu yangu inatosha watu wawili."

Nilikuwa nimevaa kiatu kimoja. Nikakaa.

"Hata leo naogopa," akasema. "Ukiondoka tutaondoka wote, nitakubebea begi. Lakini safari hii sitasema sawa."

Nililia, dada yangu, na mtu mwenye pua yangu akilia ni balaa, hakuna pa kupitia. Mama akanishikia kitambaa kama nina miaka mitatu. Daktari alipofika alitukuta hivyo, akavuta kiti. Nikamuuliza tena maswali yote: damu, jicho, ubongo. Hakunipamba. Alisema hatari ipo, ni ndogo, na akanieleza watakavyojilinda nayo. Kisha akauliza, "Fundi, tuendelee au tuahirishe?" Hakukuwa na haraka usoni mwake.

Nikamwambia, "Naogopa." Sijawahi kumwambia mtu neno hilo.

"Vizuri," akasema. "Sasa tunajua wote."

Nikavua kiatu.

Nusu kaputi ni kitu cha ajabu, unahesabu mpaka nne na dunia inazimwa. Nilizinduka uso mzito, pamba puani, koo linawaka, na Mama ameketi pembeni na kiatu changu kimoja mapajani. Nilimuuliza kwa nini amekishika. Akasema hajui.

Si kwamba mambo yalikwenda mteremko. Siku ya tatu nilitokwa na damu nyingi, tukarudi hospitali, mke wangu akiendesha gari la jirani kama zimamoto. Wakaizuia. Wiki ya kwanza niliapa kwamba heri ningebaki na vinyama vyangu. Na daktari hajaniahidi pua mpya. Amesema vinaweza kuota tena, dawa ya kupuliza na maji ya chumvi ni vya maisha, na nikionekana karakanani bila barakoa atakuja kuifunga mwenyewe.

Lakini nalala chali, dada. Chali, kwa mto mmoja, mdomo umefungwa. Mke wangu amerudi chumbani. Usiku wa kwanza aliniamsha mara mbili kuhakikisha kama niko hai, kwa sababu nilikuwa kimya mno. Kokoto za nyuma ya macho zimeondoka. Harufu inakuja vipande vipande. Vanishi naisikia, gesi naisikia, mke wangu ananijaribu kila siku kama mwanafunzi wake. Mbao bado. Nanusa kipande cha msonobari, hakuna kitu. Labda itarudi, labda haitarudi. Nimenunua kile kipimo cha unyevu wa mbao ambacho nilikuwa nawacheka nacho mafundi wengine.

Sasa nikueleze kilichonifanya nichukue kalamu leo.

Umewahi kumsikia Mama akimzungumzia Baba? Mimi sikuwahi. Nilidhani ni huzuni. Kumbe kila habari yake ilikuwa inaishia kwenye ule uongo, kwa hiyo hakuthubutu kuanza yoyote. Basi sasa ameanza. Hanyamazi! Anakuja karakanani na kigoda chake, anakaa mbali na vumbi, anasimulia. Ulijua kwamba Baba alikuwa anaimba vibaya mpaka majirani walimlipa kwa mayai anyamaze? Ulijua alimchumbia Mama kwa barua, na barua ya kwanza alikosea anwani, ikajibiwa na mwanamke mwingine, na ule mkasa ukachukua miezi saba kuutatua? Jana nilicheka mpaka nikaogopa damu itatoka tena.

Nilimwomba amalizie ile ya huyo mwanamke mwingine. Akakataa katakata. Anasema nikuandikie uje Jumamosi, mafaili yasubiri, maana ana mengi kuhusu Baba, na hana nguvu za kuyasimulia mara mbili.

Mdogo wako,
Kigingi